Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: kazi ya Asenath Bole Odaga iko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka Siaya. Nilikuwa nimeamua kunyamaza kwa sababu barua kuhusu kazi ya Asenath Bole Odaga, mtafiti wetu wa fasihi simulizi, nimeshaandika, simu nimepiga, naambiwa ngoja bajeti, ngoja ofisa mpya, lakini kilichotokea wiki jana kimenimaliza uvumilivu kabisa na sitanyamaza tena.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya upili. Nasomesha fasihi simulizi. Wanafunzi wangu wanajua wawe na hodiya, nyimbo za kazi, mbolezi za maombolezo, nyiso za jandoni na bembelezi za kulaza watoto, wanajua hata utafiti nyanjani unavyofanywa: unaenda kwa wazee, unahoji, unarekodi, unaandika, halafu unahifadhi. Hapo kwa kuhifadhi ndipo huwa naona aibu mbele ya darasa. Sasa wiki jana nikawapeleka watoto wa kidato cha tatu kwa ofisi moja ya umma, sitaitaja, tukiomba tu kuona nyimbo za kina mama wa Kijaluo, dodo, na sigana, yaani hadithi, zile za siwindhe, nyumba ya nyanya watoto walikosimuliwa, zenye nyimbo ndani yake, chochote kile kilichokusanywa zamani. Tulikaa kwa benchi mpaka saa saba. Ofisa akatoka akasema hakuna kitu kama hicho, vitu vya zamani vilinyeshewa kwa stoo, tuangalie YouTube. Nikamuuliza, na kazi ya Asenath Bole Odaga? Akaniuliza huyo ni nani.

Huyo ni nani! Mheshimiwa, mtoto mmoja aliniangalia usoni kana kwamba mimi ndiye nimemdanganya darasani.

Basi niseme hapa hadharani. Asenath Bole Odaga alizaliwa 1937, Rarieda, hapa hapa kwetu. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtafiti. Kuanzia 1976 hadi 1981 alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Mafunzo ya Kiafrika, Chuo Kikuu cha Nairobi, na tasnifu yake ya uzamili ilihusu sigana za Wajaluo na mafunzo yaliyomo. Mwaka 1982 yeye na Kichamu Akivaga walitoa kitabu cha fasihi simulizi cha shule za upili, kati ya vya kwanza kabisa nchini, wakati walimu wengi hata hawakuwa na mahali pa kuanzia. Mwaka huo huo akaanzisha Lake Publishers Kisumu, sio Nairobi, Kisumu, ili vitabu vya Dholuo, lugha yetu Wajaluo, vipate pa kuchapishwa. Akaandika hadithi, tamthilia, kamusi. Alifariki 2014.

Kila mtu anayesoma fasihi anajua 1968, wasomi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba walivyodai fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Walifanya jambo kubwa na nawaheshimu. Lakini baada ya kudai ilibidi mtu aende kukaa chini na nyanya aandike, na mtu aandike kitabu ambacho mwalimu wa kijijini anaweza kukishika, na huyo ndiye hatajwi. Kwa nini? Mimi nafikiri ni kwa sababu alikuwa mwanamke, na kwa sababu aliandika sana kwa Dholuo, na kwa sababu alikaa Kisumu. Vitu vya mama vikiandikwa na mama huonekana ni hadithi za jikoni. Huenda kuna sababu nyingine lakini hizo ndizo naziona kwa macho yangu.

Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipita Kenya 1950 na 1952 na mashine yake, akarekodi nyimbo, na leo kanda zake ziko Afrika Kusini, zimepangwa, unaweza kuzisikiliza. Mgeni! Hata Wakipsigis walirudishiwa wimbo wao aliourekodi, miaka sitini na zaidi baadaye. Na sisi kwa kazi ya binti yetu tunaambiwa stoo ilinyeshewa.

Mheshimiwa, kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaiambia serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi, sanaa, machapisho, maktaba na turathi. Bunge likaongeza sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, ikazipa kaunti kazi ya kusajili. Ni ahadi zenu, zimeandikwa, zimetiwa sahihi. Nimesubiri kaunti, kaunti inasema ni ya taifa, taifa linasema ni ya kaunti, na mimi katikati nalipa nauli. Fotokopi natoa mfukoni. Redio ya kaseti nilinunua mtumba ili darasa lisikie sauti za wazee niliorekodi mwenyewe, na mshahara wenyewe mnaujua, kuna mwezi nimekopa kwa chama ili watoto wafike kwa tamasha la muziki. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na mbolezi ambazo sijawahi kusikia kwa mtu mwingine. Alizikwa nazo, hakuna aliyerekodi, hata mimi, nilikuwa mtoto.

Nilikuwa nimepanga kuomba mengi. Makumbusho, barabara ipewe jina lake, kitabu cha 1982 kichapishwe upya kigawiwe shule. Acha hayo yote kwanza. Naomba moja tu: toa amri kazi yote ya utafiti ya Asenath Bole Odaga iliyo kwenye ofisi, maktaba na vyuo vya umma itafutwe, iorodheshwe, ipigwe skani, na nakala iletwe Siaya na Kisumu ambapo mwanafunzi anaweza kuingia bila barua ya mtu mkubwa. Itafutwe sasa kabla ya mvua zingine. Na familia yake iulizwe kwa heshima, maana ni mali yao kwanza.

Nitarudi na darasa langu ofisi ile ile muhula ujao. Tafadhali, kufikia hapo wawe wamejua huyo ni nani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Kaunti ya Siaya