Diploma ya ndege si leseni: vijana wa Pwani wafunguliwe milango ya karakana

Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie wazazi wa Mombasa wanaojinyima ili watoto wao wasomee uhandisi wa ndege, pamoja na waajiri wenye karakana katika viwanja vyetu vya ndege hapa Pwani.

Wazazi wengi wanaamini kwamba kijana akitoka chuoni na diploma amekwisha kuwa mhandisi wa ndege. Sivyo. Diploma inampa pa kuanzia tu. Anayekagua kazi na kutia sahihi kwamba ndege iko salama kurudi angani lazima awe na leseni, na leseni haitolewi na chuo. Hapa Kenya hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, chini ya viwango vya ICAO, shirika la kimataifa lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944.

Viwango hivyo vinamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 18 na afaulu mitihani ya sheria za anga, ya ufundi wenyewe, na hata ya udhaifu wa binadamu kazini: uchovu, haraka, kusahau. Mitihani hiyo vijana wetu wanaiweza. Kinachowakwamisha ni sharti la uzoefu. Kwa leseni ya kushughulikia ndege nzima, ICAO inataka miaka minne ya kazi ya matengenezo, au miwili kwa aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa. Uzoefu huo huandikwa kwenye daftari la kazi: tarehe, namba ya usajili wa ndege, kazi iliyofanywa, na sahihi ya mhandisi mwenye leseni aliyesimamia.

Hapo ndipo vijana wanapokwama. Ndege zinatua kila siku hapa Port Reitz, Ukunda, Malindi na Lamu, lakini karakana zinazopokea wanagenzi ni chache mno. Anayebahatika huishia kufagia sakafu na kuosha ndege. Kuosha ndege sikudharau hata kidogo. Huku kwetu kuosha ni matengenezo, maana chumvi ya bahari hula alumini, hujipenyeza kwenye maungio ya mabati na kuzunguka vichwa vya ribiti, yaani pini zinazoshikanisha mabati hayo. Injini ya ndege ndogo kama Cessna Caravan inayoruka kandokando ya bahari huhitaji kompresa yake, sehemu inayoshindilia hewa ndani ya injini, ioshwe kwa maji safi ili chumvi isigande kwenye mapanga. Basi kijana aelezwe anachokiosha na kwa nini. Aonyeshwe kutu inavyoanza chini kwa chini, ikainua rangi kabla bati lenyewe halijatoboka.

Nitatoa mfano mmoja. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha, iliyokuwa ikiruka masafa mafupi kati ya visiwa vya Hawaii, iling'oka sehemu kubwa ya paa ikiwa angani na watu 95. Marubani walifanikiwa kuitua, lakini mhudumu mmoja alivutwa nje na hakuonekana tena. Ndege ile ilikuwa imekwisha kuruka zaidi ya mara 89,000, muda mrefu katika hewa ya bahari kama hii yetu. Uchunguzi ulibaini kwamba gundi ya maungio ya mabati ilikuwa imeachia, nyufa zikaanzia kwenye matundu ya ribiti, na ukaguzi wa shirika haukuzikamata. Jicho la kuuona ufa wa namna hiyo halipatikani kwa kukariri. Hufundishwa na mtu aliyewahi kuuona, taa mkononi, saa nane za usiku, ndege ikisubiriwa alfajiri.

Ndiyo maana naziogopa sahihi za hisani. Kwa kuwa nafasi ni adimu, mzazi humwendea mhandisi anayemfahamu, mhandisi akaona huruma, na daftari likajazwa kazi ambazo kijana hakuzigusa. Nimeletewa madaftari ya aina hiyo nyumbani, nikakataa, na wapo walioacha kunisalimia. Wanikasirikie tu. Kijana yule akipata leseni, abiria wa Lamu watapanda ndege kwa kuamini sahihi yake.

Uovu wa pili unafanywa na waajiri. Wapo wanaomtumia kijana kwa kazi halisi, kubadilisha magurudumu, kufungua propela, kisha wakamnyima sahihi kwa kuhofia atapata leseni na kuhamia kwingine. Huo ni wizi wa miaka ya mtu.

Na kupata leseni si mwisho wa safari. Kiwango cha ICAO ni kwamba katika miezi 24 iliyotangulia, mhandisi awe amefanya kazi za leseni yake kwa miezi isiyopungua 6. Aliyepandishwa cheo akahamia ofisini, au aliyeachishwa watalii walipopungua, anaweza kuwa na leseni mfukoni na asiwe na haki ya kuitumia. Mwaka 2020, safari za abiria za kimataifa ziliposimamishwa nchini tangu mwishoni mwa Machi hadi 1 Agosti, jambo hili lilitunyima usingizi wengi. Isitoshe, mwenye idhini ya kushughulikia Caravan haruhusiwi kwa idhini hiyo kuitilia sahihi ndege ya aina nyingine, kama Dash 8.

Nawasihi wenye karakana: madaftari ya wanagenzi yatiwe sahihi kila wiki, na kila kazi iandikwe pamoja na namba ya kadi ya kazi, ile karatasi inayoagiza kazi hiyo ifanywe, ili KCAA iweze kuilinganisha na kumbukumbu za ndege. Kaunti nayo, inapogawa basari, ifikirie miaka ya karakana, si karo pekee. Kijana wa Likoni anayevuka feri kila alfajiri kwenda Port Reitz bila mshahara anahitaji nauli na viatu vya kazi.

Wazazi wenzangu, kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza, kitakeni chuo kiwajibu kwa maandishi: ni karakana gani itakayompokea mwanangu, na ni nani mwenye leseni atakayemsimamia?

Mhandisi wa ndege,
Changamwe, Mombasa