Mdogo wangu, mwisho wa Pike tunaujua, halafu?

Mdogo wangu,

Meseji yako nimeiona. Kimya chote kile, hata salamu hamna, afu unanitafuta kuniambia Strange New Worlds, hii siriz ya Star Trek ya nahodha Pike, ni kupotezeana muda, eti Star Trek wameishiwa sa hivi wanafukua ya zamani, na Pike mwisho wake tunaujua tangu wadogo, sa kuna nini cha kuangalia. Nakujibu hapa kwa sababu kule kwenye simu unasomaga tu hujibu.

Mwisho tunaujua, ndio. Si ni wewe uliyenionyesha The Menagerie, episodi ya Star Trek ile ya kwanza kabisa, kwenye ile sidii ya kukodi yenye mikwaruzo? Pike yuko ndani ya kile kiti, uso umeungua wote, kuongea hawezi, kitaa kikiwaka mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana. Ulilia, ukaniapisha nisimwambie mtu. Ile ni ya 1966, na sehemu kubwa walichukua vipande vya The Cage, episodi ya majaribio ambayo NBC, wenye televisheni, waliikataa, na Jeffrey Hunter aliyeigiza Pike alishaondoka ikabidi kwenye kiti wamkalishe mtu mwingine. Kwa hiyo huyu baba miaka yote hiyo sisi tulimjua zaidi kama mgonjwa. Alivyokuwa akiishi hatukuwahi kukaa naye tukamwona.

Hawa wa Strange New Worlds ya 2022 wamempa jiko, mdogo wangu. Pike wa sasa ni Anson Mount, nahodha mzima wa meli ya anga Enterprise, anawapikia maofisa wake chumbani kwake, Uhura bado kadeti yupo mezani anasimulia wazazi wake na kaka yake walivyokufa kwa ajali, na muda wote huo Pike kishajua kitakachompata, maana kwenye Discovery, siriz nyingine ya Star Trek, mwaka 2019 alishika lile jiwe la muda linaloonyesha ya mbele akajiona atakavyoungua, akaambiwa ukilichukua hakuna kurudi nyuma, akalichukua. Afu bado anauliza watu wameshiba? Hapo ndo siriz yote ilipo. Kujua kwetu mwisho hakujaharibu kitu, ndo kunafanya kila sahani anayoweka mezani iwe nzito.

Na sio kwamba hakujaribu kukwepa. Episodi ya mwisho ya msimu wa kwanza anaanza kuwaandikia barua za kuwaonya wale vijana watakaokuwa naye kwenye ile ajali ya kuungua, anatokea yeye mwenyewe akiwa mtu mzima kutoka miaka ya mbele, anamzuia, anampeleka kwenye Balance of Terror, episodi ya zamani ya 1966, ile ile, ila kiti cha nahodha amekaa yeye badala ya Kirk, nahodha aliyemfuata. Anatafuta amani kwa moyo safi kabisa na inazuka vita na Waromulani, maadui zao, na Spock, ofisa wake, anaumia vibaya sana. We unaita hiyo kufukua, mi naona wamerudi wakaiuliza ile stori ya zamani swali ambalo haikuwahi kuulizwa.

Lakini ngoja niseme ninachotaka kusema. Hayo maneno, "mwisho si tunaujua", sio mara ya kwanza nayasikia kwako.

Jioni ile nilikuwa nachuja uji wa ulezi, mikono yote imeshika, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, spika iko wazi. Daktari alishatuambia mama tumrudishe nyumbani tumtunze tu. Nikakwambia njoo, ni usiku mmoja tu wa basi. Ukasema, "Dada, mwisho si tunaujua? Nije nifanye nini sasa?" Mama alikuwa pale pale kwenye mkeka, mgongo ukutani. Hakusema kitu. Nilivyompa kikombe akaniuliza kama unapata muda wa kula huko kazini.

Hukujua spika iko wazi, najua, umeshasema mara nyingi. Mi sina shida na spika.

Nakushauri kama dada yako, kaa uangalie msimu wa kwanza taratibu, usiruke, utaelewa kwanini nilikutoa kwenye grupu la familia. Watu wanasema nilikuwa na hasira za msiba. Hapana. Nilikuwa namgeuza, namfulia, namsomea meseji zako za "mpe pole mama", nampikia vitu ambavyo alikuwa anaonja vijiko viwili, na hakuna siku nilidhani atapona. We ulitaka niendelee kukuwekea picha zake ili ulaiki? Nilifanya sahihi na leo ningefanya vile vile. Mama aliishi ile miezi, alicheka, aligombana na mimi kuhusu chumvi, alitaka kusukwa. Hayo wewe huyajui, we unajua mwisho tu.

Na bado we ndo wa kwanza kunifundisha kumpenda Spock, nani mwingine nitaongea naye haya mambo hapa nyumbani?

Wameshatangaza msimu wa 5 ndo wa mwisho, una episodi 6. Nataka kuziangalia na wewe. Ila kaburi tunajengea Desemba, mchango wako sijauona, na safari hii usitume hela peke yake.