Kwako mdogo wangu, uliyefungua drai klina bila mimi

Mdogo wangu,

Nimesikia umefungua. Nimesikia kwa watu, kama ninavyosikia habari zako zote tangu kile kikao. Hongera, na ninaisema kwa moyo mweupe. Mkono wako kwenye pasi naujua tangu ulipokuwa ukitunyooshea sare sote nyumbani. Hakuna aliyeweza kola kama wewe.

Lakini kikao kile sijakisahau. Mama amekaa, mjomba yupo, nawe umelinyanyua daftari langu la mpango wa biashara juu wote walione: "Dada anataka biashara ya kwenye karatasi." Wakacheka. Mama naye akacheka. Ukalitupa mezani bila kulifungua.

Ungelifungua, ungekuta ukurasa wa kwanza hauzungumzii mashine kabisa. Unazungumzia lebo. Alama ya duara, nguo inafaa drai klina. Duara lililokatwa kwa msalaba, usithubutu. Duara lenye P linaruhusu perki, ile dawa ya maji maji inayosafisha nguo badala ya maji na sabuni; lenye F linataka viyeyushi vya jamii ya mafuta ya petroli. Nilianza hapo kwa sababu hasara ya kazi hii huanzia kaunta, siku unapopokea koti la mtu bila kukagua mifuko, vifungo na madoa naye akiwa amesimama mbele yako, ukaandika kwenye risiti "koti moja", basi. Kuna vifungo vya plastiki vinavyoyeyuka ndani ya perki. Doa la damu au maziwa likipigwa joto kabla ya kutolewa, hung'ang'ania. Mwenye koti akirudi utamwambia lilikuja hivyo? Nani atakuamini?

Tena nilikuandikia tuanze na kituo cha kupokelea nguo tu: tunapokea, tunaweka namba, tunapeleka kwa mwenye mashine, tunanyoosha wenyewe. Tuwajue wateja kwanza, tujue wanaleta suti au wanaleta mashuka. Wewe ulitaka mashine, na ukaitaka ile kuukuu ya perki, kwa chumba kile chenye dirisha moja.

Ndiyo maana sikutoa fedha yangu. Mkasema nina kijicho. Mimi, niliyekulea! Perki imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu, na Desemba 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kuiondoa kwenye drai klina ndani ya miaka 10. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama chumbani. Sikuwa nalinda fedha, nilikuwa nalinda kifua chako. Ningetoa, leo ningekuwa dada mwema anayemnunulia mdogo wake ugonjwa, na mngenisifu kwa hilo.

Sasa umeshafungua, basi weka feni ya kuvuta hewa nje. Usiitoe nguo kwenye mashine kabla haijakauka sawasawa, hata mteja apige kelele vipi. Mabaki ya kwenye chujio yana perki, usiyamwage mtaroni. Na huyo kijana uliyemwajiri, mnunulie glavu za kazi hiyo, si zile za jikoni.

Simu yangu hupokei, ndiyo maana naandika hapa. Nimeambiwa mkopo wa mashine umeandikwa kwa jina la mama. Ni kweli? Nijibu hilo, mengine tutayaongea ukipenda.

Dada yako