Somo yangu, ramani waachie watoto

Somo yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikimsomea mume wangu. Nimefurahi kwamba mmeamua: gari-nyumba, milima, siku 10, na vijana wenu wawili, wa miaka 13 na 16. Umeniuliza muanzie wapi. Kabla sijakujibu, niambie: watoto wenyewe wamesemaje?

Nauliza kwa sababu sisi mara ya kwanza tulipanga kila kitu usiku wao wamelala, asubuhi tukawatangazia kama zawadi. Binti yangu alishinda siku tatu kwenye kitanda cha juu, pazia kalivuta. Hakuwa na utovu wa adabu. Ni kwamba safari ile haikuwa yake. Mara ya pili tulitandaza ramani mezani, nikamwambia: siku mbili ni zako, wewe ndiye utakayesema tunalala wapi na tunapanda wapi. Akachagua kiziwa kidogo ambacho mimi hata sikuwa nimekiona pale kwenye ramani. Tulipofika, yeye ndiye aliyetuamsha tukaone jua likichomoza, yeye ambaye siku za likizo haamki kabla ya saa nne.

Na hapo kwenye kuamka, nakuomba usipange safari za alfajiri kila siku. Mwili wa kijana wa umri huo huchelewa kupata usingizi, si uvivu, naye bado anahitaji kulala muda wa saa 8 hadi 10. Chagueni asubuhi moja au mbili za kudamka, nyingine waacheni walale. Ndiyo maana vituo saba ulivyoniandikia vimenitia wasiwasi. Vifanye vitatu. Kila kuhama ni kufunga makabati, kukunja mpira wa maji, kumwaga maji machafu na tangi la choo, kisha kutafuta ardhi iliyolala sawa na kuweka mbao chini ya magurudumu. Nusu siku imekwenda, na vijana wamekaa wakikungojeni. (Kazi ya tangi la choo iwe ya zamu, na baba awemo. Wakiona wao tu ndio wanaotumwa, mmewapoteza.)

Sasa mlima wenyewe, na hili ni lako na shemeji. Pimeni gari likiwa na watu, maji na mizigo yote ndani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100 hata kabla hamjapakia begi. Kimo na urefu wa gari viandikeni kwenye karatasi muibandike mbele ya dereva. Ramani ya kawaida ya simu haijui kwamba mnaendesha nyumba. Itawapeleka kwenye handaki lenye paa la chini au barabara msiyoruhusiwa. Ile ya Going-to-the-Sun, katika hifadhi ya Glacier kule Marekani, sehemu yake ya juu haipitishi gari linalozidi futi 21, yaani kama mita 6.4. Mambo kama hayo yajueni mapema, msije mkayakuta njiani.

Mteremko ndio unaonitisha kuliko mpando. Ingizeni gia nzito, yaani ya namba ndogo, kabla hamjaanza kushuka, injini ndiyo ilizuie gari, breki mkanyage kwa vipindi. Mume wangu aliwahi kuikanyaga mfululizo hadi harufu ya kuungua ikaingia ndani. Tulisimama kando karibu saa nzima, watoto kimya, hakuna aliyeuliza kitu. Sitaki yawapate.

Kuanzia mita 2,500 hivi kwenda juu, mtu anaweza kuumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya hewa nyepesi, na ujana si kinga. Laleni kwanza usiku mmoja au miwili chini zaidi. Mwanangu alificha maumivu yake asituharibie siku, kwa hiyo wako waulize mara kwa mara. Anayezidi kuumwa hapandi tena, anateremshwa. Baridi nayo huongezeka, nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, basi ulizeni pia gesi ya mtungi ni ya aina gani: butani haitoki vizuri baridi ikifika sifuri, propani hutoka.

Simu msiwapokonye. Waambieni mapema ni wapi hakuna mtandao, wapakue miziki yao, na wenzao wawaage. Kinachowachosha zaidi ni kukosa pa kujitenga. Mwanangu aliomba hema dogo alale nje, hatua chache kutoka mlangoni. Pale sheria za kambi ziliporuhusu tukamkubalia, na tangu usiku ule alianza kuzungumza nasi wakati wa chakula. Hema hilo lipo, nitakuazima.

Gari mkishalichukua, laleni humo usiku mmoja hapo hapo nyumbani. Bomba linalovuja mtaligundua fundi akiwa bado karibu.

Nisalimie shemeji. Na watoto wakishachora njia yao, nitumie nione. Nataka sana kujua huyo wa miaka 13 amechagua wapi.

Ni mimi,
somo yako