Mtungi wangu haukuanzia hotelini

Mhariri,

Nimewasoma tangu enzi zile gazeti likifika Tabora kwa treni, habari zimeshapoa, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Ila ile habari yenu ya wataalamu waliokutana hotelini wakabaini kwamba mgonjwa na familia yake nao ni wabunifu, imenishinda kunyamazia. Kwenye picha nimeona laptopu, chupa za maji na vitambulisho vya shingoni. Mgonjwa sikumwona.

Mmesifia mtungi wa udongo unaotunza insulini pasipo jokofu. Mtungi huo uko barazani kwangu, upande wa upepo, mwaka wa sita sasa. Mjukuu wangu ana kisukari, kile cha sindano kila siku. Jokofu sina. Nimeweka chungu kidogo ndani ya mtungi mpana, katikati mchanga, nao naumwagia maji asubuhi na jioni. Chupa ya dawa naifunga kwenye nailoni isilowe. Maji yanapenya udongo, yanageuka mvuke, yanaondoka na joto. Mvukizo nimeufundisha darasani miaka 28, sisimuliwi na mtu.

Mwaka juzi, Oktoba, jua la kuivisha embe mtini, tulikwenda kliniki na dawa yetu ndani ya chungu, nimekizungushia kitambaa kibichi, kimo kikapuni. Muuguzi akachungulia. "Bibi, humu mna nini, mizizi?" Benchi zima likacheka. Nikamwambia, mwanangu, hii ni insulini, naipooza. Hakuuliza naipooza vipi, wala hakugusa chungu asikie ubaridi wake. Akaitoa chupa, tena haijafika nusu, akaitupa kwenye ndoo, eti isiyotoka kwenye jokofu imeshaoza. Karatasi ya dawa yenyewe inasema chupa iliyofunguliwa hukaa nje wiki kadhaa, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina, na kazi ya mtungi ndiyo hiyo! Akaniandikia nyingine nikanunue, maana dirishani pao haikuwepo. Nikaenda kuinunua kwa hela ya kuku watatu, na muuza duka akaniteremshia kutoka rafuni, feni imezimwa, chupa ina joto kama chapati. Hiyo ndiyo nzima. Yangu ya baridi ndiyo mbovu.

Na siku hiyo mtoto alikuwa hajala, kwa kuwa tuliambiwa aje na njaa apimwe. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukaitwa saa sita na nusu, mikono inamtetemeka. Aliyepanga hivyo amewahi kukaa na mtoto wa sindano? Lipo sanduku la maoni pale mlangoni, kufuli limeota kutu. Nimetia barua tatu. Ya tatu iligoma kuingia kwa sababu zile mbili bado zimo.

Mwanangu amenisomea kwenye simu habari za Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani mwenye kisukari. Mwaka 1969 mashine ya kupima sukari ilikuwa ya madaktari na hospitali tu, ikisaidia usiku kujua aliyezirai ni mlevi au mgonjwa wa kisukari. Mkewe alikuwa daktari, wakainunua kwa jina la mke, jamaa akawa anajipima nyumbani. Madaktari hawakumsikiliza mpaka alipokwenda kusomea udaktari akiwa na umri wa miaka 45. Mimi nina 67, chuo hakitanipokea.

Kwa hiyo semina ijayo ifanyieni chini ya mwembe wa kliniki, siku ya kisukari. Wajumbe waje na njaa, wafike saa kumi na mbili, chai isitoke mpaka kila mmoja apimwe kwa foleni ileile yetu. Ufunguo wa sanduku apewe mama yeyote wa benchi la mbele. Chungu nitaleta mwenyewe, mchanga walete wao.

Mwalimu mstaafu,
Tabora