Umehama Kabla ya Mkataba Kuisha: Kodi Iliyobaki ni ya Nani?

Kila mwaka vijana wa vyuo wanapoanza kutawanyika kwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, simu ya ofisi yetu hapa Ngamiani, Tanga, haitulii. Mwanachuo anauliza, "Mimi nimeshahama, mbona bado mnanidai?" Mzazi aliyeko Handeni au Singida anauliza, "Mwanangu kakaa miezi mitatu, nililipa sita. Hiyo mitatu inarudi lini?" Tunasimamia vyumba vya kupanga kwa niaba ya wenye nyumba, vingi vikiwa vya wanachuo, kuanzia Makorora na Mikanjuni hadi Chumbageni na Kange. Maswali yote mawili yanatufikia, na majibu yake huanzia kwenye kitu ambacho mpangaji anayehama haraka hakifikirii kabisa: kufuli lake.

Kufuli lako likiwa mlangoni, chumba bado kiko mikononi mwako. Hatuwezi kumwonyesha mtu mwingine, hatuwezi kupaka rangi, na hatuna haki ya kuvunja tukaingia kwa sababu tu majirani wamesema hujaonekana. Wewe unahesabu kwamba ulihama siku uliyopanda basi stendi ya Kange. Mwenye nyumba anahesabu kwamba umehama siku uliyomrudishia ufunguo. Kati ya siku hizo mbili ndipo deni linapozaliwa.

Kuna binti mmoja sitamsahau. Alipanga chumba Makorora, kodi 50,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi sita, akalipa mitatu ya kwanza. Mwezi wa tatu ulipoisha alikwenda field mkoa mwingine. Aliacha godoro, ndoo mbili na jiko dogo la gesi, akafunga kufuli, hakusema kitu. Aliamini kwamba asipolipa, mkataba utajifia wenyewe. Tulipiga simu, namba haikupatikana. Miezi miwili chumba kilikaa kimefungwa huku wanafunzi watatu tukiwarudisha kwa kukosa nafasi. Aliporudi kuchukua godoro lake alikuta anadaiwa 100,000, akalia palepale ofisini. Aliona tumemwonea. Nilipoutazama mkataba wake niliona saini yake ipo, lakini nilijua hakuna aliyekaa naye akamsomea. Kosa hilo lilikuwa letu. Tangu siku ile hatumpi mtu kalamu kabla hatujasoma naye mstari kwa mstari, na makala hii naiandika kwa sababu ileile.

Sasa sheria inasemaje. Ukipanga kwa miezi sita, ahadi yako ni kodi ya miezi sita, hata kama mmekubaliana uilipe kidogokidogo. Wapo wanaosema, "Lakini sisi hatukuandikishana." Hilo halikutoi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo hata ukiwa wa mdomo. Kinachokuwa kigumu ni kuthibitisha mlikubaliana nini, na ugumu huo unawaumiza wote wawili.

Ukiondoka katikati, umevunja mkataba. Lakini mambo hayaishii hapo, na hapa nawaomba wenye nyumba nao wasome kwa makini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inasema aliyevunja mkataba atamlipa mwenzake fidia ya hasara iliyotokana na kuvunja huko. Hasara, si adhabu. Na katika kuipima hasara hiyo, huangaliwa pia njia ambazo aliyeumia alikuwa nazo za kuipunguza. Mwenye nyumba hawezi kukalia chumba kitupu miezi mitatu, watu wanabisha hodi anawakataa, kisha amdai mwanafunzi kodi yote. Wala hawezi kupokea kodi mbili kwa chumba kimoja kwa mwezi mmoja, moja ya aliyehama na moja ya aliyeingia. Hata mkataba ukiwa umetaja faini ya kuhama mapema, kifungu cha 74 kinampa mdai fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Faini nzima haiji yenyewe kwa sababu imeandikwa.

Tuweke kwenye hesabu. Kijana amelipa 360,000 kwa miezi sita, 60,000 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili. Januari anaugua, anaahirisha mwaka, anarudi kwao. Tarehe 31 Januari analeta ufunguo ofisini, chumba kitupu. Tunatafuta mtu, mpangaji mpya anaingia tarehe 1 Machi. Mwezi uliolala ni Februari, kwa hiyo 60,000 ya Februari ni hasara ya mwenye nyumba na haitarudi. Machi na Aprili ameshalipa mwingine, kwa hiyo 120,000 ni haki ya yule kijana. Tunachokata humo ni kitu chenye risiti tu: kitasa kilichovunjika, kioo cha dirisha. Pesa ya dalali aliyemtafutia chumba mwanzoni hairudi, maana kazi yake alishaifanya.

Je, hiyo 120,000 inatoka siku ileile? Mara nyingi haitoki, na nataka wazazi waelewe sababu. Wenye nyumba wetu wengi si matajiri. Ni mama aliyestaafu ualimu ambaye nyumba ya marehemu mumewe ndiyo kiinua mgongo chake. Akipokea kodi ya miezi sita, wiki hiyohiyo imeshakuwa mabati, au ada ya mjukuu. Ukimwambia arudishe kesho, hana. Tunachofanya ni kumwandikia mpangaji karatasi yenye kiasi, tarehe na saini ya mwenye nyumba, kisha pesa inalipwa kutoka kwenye kodi ya mpangaji mpya siku anapoingia. Karatasi hiyo usiipoteze.

Kwa maoni yangu chanzo cha machungu haya ni mtindo wenyewe wa kulipa miezi sita kwa mkupuo. Mwanachuo mwenye mkopo anapata hadi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, na boom, yaani hiyo pesa ya mkopo, haliji lote siku moja. Anakopa huku na huku, au mzazi anauza mahindi kabla ya bei kupanda, ili tu apate chumba. Kisha maisha yakigeuka, pesa yote imeshatoka mkononi. Tumekuwa tukiwashawishi wenye nyumba wapokee miezi mitatu mitatu kwa wanachuo, na baadhi wamekubali. Anayekubali tunamtangulizia wapangaji kabla ya wengine.

Kuna jambo la majira pia. Vyuo vingi huanza masomo Oktoba au Novemba. Chumba kikiachwa Novemba, wiki haiishi kimepata mtu, na anayehama wakati huo hupoteza kidogo sana. Chumba hichohicho kikiachwa Juni kinaweza kulala hadi wanafunzi wapya waingie. Kwa hiyo kama unajua Machi kwamba Juni unakwenda field na hutarudi, tuambie hiyohiyo Machi. Kila wiki unayotupa mapema ni wiki ya kumtafuta mtu ukiwa bado unakaa humo, na kodi inaunganika bila mwezi kulala.

Wengi hujaribu kujitatulia kwa kumwachia rafiki. Anamkabidhi ufunguo, anachukua pesa mkononi, anaondoka. Nawasihi msifanye hivyo kimyakimya. Jina kwenye mkataba ni lako. Rafiki asipolipa unadaiwa wewe, akivunja sinki unadaiwa wewe, na mwenye nyumba akimkuta mgeni asiyemjua ndani ya nyumba yake ana haki ya kukasirika, kwa sababu hukumwomba ridhaa. Mlete huyo rafiki ofisini. Tukimwona, tukampeleka kwa mwenye nyumba na akakubaliwa, tunaandika mkataba mpya kwa jina lake na wa kwako tunaufunga siku hiyohiyo. Hatutozi chochote kwa kazi hiyo, kwa sababu umetupunguzia kazi ya kutafuta.

Kwa waliopanga wawili wawili, hadhari ni kubwa zaidi. Kama mmesaini wote kwenye mkataba mmoja, mwenye nyumba anaweza kudai kodi nzima kwa yeyote kati yenu. Mwenzako akiondoka akakuachia chumba cha 80,000, huwezi kulipa 40,000 ukasema nusu yangu hii. Unalipa yote, kisha wewe ndiye unamdai yeye mchango wake. Urafiki mwingi wa chuoni umeishia hapo. Kabla hujasaini na mwenzako, mwulize waziwazi field yake ni lini na wapi.

Na wale wa astashahada wanaokuja moja kwa moja kutoka kidato cha nne, wengine wana miaka 17. Sheria ya Mikataba inataka anayefunga mkataba awe ametimiza 18. Kwa hao tunasaini na mzazi au mlezi, na mazungumzo ya kuhama yatakuwa na yeye.

Kama mkataba wa kwanza uliisha na ukaendelea kulipa mwezi kwa mwezi bila kuandika mwingine, hali ni nyepesi. Unatoa notisi ya mwezi mmoja, kwa maandishi, basi.

Yapo mazingira ambapo anayehama hana kosa. Mwenye nyumba ana wajibu wake: paa lisivuje, choo kifanye kazi, nyumba ikalike, mpangaji akae kwa utulivu bila kusumbuliwa. Mvua za masika hapa Tanga zikianza Machi ndipo tunapojua bati lipi limetoboka. Ukitoa taarifa, ukapuuzwa, maji yakaendelea kukuingilia kitandani, aliyevunja mkataba si wewe. Lakini toa taarifa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, na piga picha zenye tarehe. Tumewahi kumtetea kijana wa Mikanjuni kwa picha tatu za dari lililoanguka, na mwenye nyumba alirudisha kodi ya miezi yote iliyobaki. Vilevile mwenye nyumba hana ruhusa ya kukutolea vitu nje au kuvishika rehani kwa nguvu zake mwenyewe, hata kama unadaiwa.

Tukishindwa kuelewana, hatua inayofuata ni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mara nyingi anawajua wote wawili. Baraza la Kata linasuluhisha, na pasipopatikana suluhu shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mabishano ya 60,000, nauli na siku za kuhudhuria zinaweza kumaliza zaidi ya hiyo. Ndiyo maana tunakaa hata jioni nzima kutafuta makubaliano mezani kwetu.

Siku ya kuhama, tafadhali pita ofisini kabla ya kwenda stendi. Njoo na funguo zote, pamoja na ule wa akiba uliompa jirani. Tutakwenda pamoja chumbani, tutapiga picha kuta, dirisha na kitasa, tutaandika uniti za LUKU zilizosalia na kusoma mita ya maji, hasa kwenye nyumba za mita moja ambako wapangaji wanachangia. Uniti ulizonunua mwenyewe kwenye mita yako tunakuhesabia na mpangaji anayeingia. Leta pia jumbe za miamala ya kodi uliyolipa kwa simu, zikiwemo zile zilizotumwa na mzazi, maana mara kadhaa tumekuta kodi imelipwa kwa jina ambalo mwenye nyumba halijui, akadhani hajalipwa. Mwishoni unapewa karatasi ya makabidhiano yenye tarehe. Tarehe hiyo ndiyo mwisho wa wewe kushika chumba, na kodi ya siku zinazofuata tunaihesabu kwa namna niliyoeleza.

Kama unakwenda field na huna pa kuweka mizigo, kuna stoo ndogo nyuma ya ofisi. Godoro, ndoo na jiko vinaweza kukaa humo wiki mbili bila malipo hadi utakapopata wa kuvichukua. Kufuli lifungue uondoke nalo.