Famasia isilazimishwe kuuza dawa kwa hasara

Mhariri,

Mwezi uliopita mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi hapa Jinja, aliniwekea mezani kadi ya bima pamoja na cheti cha daktari cha dawa za presha. Nilipoingiza namba yake kwenye kompyuta, bei ambayo kampuni inayolipa kwa niaba ya bima ilikubali ilikuwa chini ya ile niliyonunulia, na stakabadhi ya muuzaji wa jumla ilikuwa bado kwenye droo yangu. “Kuna tatizo, mwanangu?” aliniuliza. Nilimpa dawa zake, kwa kuwa presha haingoji, na hasara nikaibeba mimi. Malipo yenyewe hadi leo hayajafika.

Marekani, ambako kampuni tatu za namna hii, yaani CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hushughulikia takriban asilimia 80 ya vyeti vya dawa, jimbo la Arkansas lilipitisha sheria mwaka 2015 kwamba famasia isilipwe chini ya gharama iliyonunulia dawa, na kwamba mwenye famasia akipunjwa awe na njia ya kukata rufaa. Chama cha kampuni hizo kilikwenda mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kutunga sheria hiyo. Kifungu kimoja tu sikiafiki, kile kinachomruhusu mfamasia kukataa kuuza pale atakapopata hasara, maana anayerudi nyumbani mikono mitupu ni mgonjwa.

Kwetu Uganda, Mamlaka ya Taifa ya Dawa hukagua leseni na ubora wa dawa zangu, nami nashukuru, lakini mkataba wa malipo niliuletewa ukiwa umeshachapwa, nikabaki na hiari ya kusaini au kupoteza wateja wote wenye kadi. Muswada wa bima ya afya ya taifa, ambao Bunge liliupitisha Machi 2021, haukuwa sheria. Utakaporudi bungeni, naomba wabunge waandike humo kwamba famasia hailipwi chini ya bei ya kununulia, na kwamba dai lisilo na kasoro hulipwa ndani ya siku 30.

Mfamasia,
Jinja